Pini Mbili Kwenye Lango la Mfereji

Nimestaafu. Mwalimu Urio, mlezi wa klabu yetu ya elektroniki, alicheka niliposema hivyo, maana nina miaka kumi na minane na sijawahi kupokea mshahara hata wa siku moja. Lakini sijui neno jingine. Toka kidato cha kwanza mpaka nimemaliza mtihani wa cha nne, nilikuwa mtu wa klabu hii, na mwaka wa mwisho mimi ndiye niliyekuwa nashika ufunguo wa kabati la vifaa, na sasa nimeuacha mezani kwenu, wadogo zangu. Mwalimu alitaka nisimame mbele yenu niwaeleze kazi. Nikamwambia ukweli, kwamba nikisimama mbele ya watu maneno yananipotea. Akasema basi andika, ila andika yale ambayo kitabu hakitawaambia.

Kwa hiyo naandika. Kuongea siwezi, kazi naijua, na hilo nalisema bila aibu.

Mtakachokikuta kwa wingi kabatini ni ile chipu nyeusi yenye miguu minane, saizi ya punje ya harage. Msiidharau. Ni kompyuta nzima, ila ni kompyuta yenye kipaji kimoja kikubwa: kulala. Ukiiacha macho muda wote, betri inaisha upesi, na kazi yako itakuwa kupanda mlima kila mara kubadilisha betri. Ukiilaza vizuri, betri ile ile inavuka kiangazi chote. Sasa iliyolala itajuaje kwamba kuna kazi? Unaichagulia miguu fulani, yaani pini, kisha unaiambia: hali ya pini hizi ikibadilika, amka. Wenye vitabu wanaita intarapti ya mabadiliko ya pini. Klabuni tunaita hodi, na mkiendelea kuiita hivyo hamtapotea.

Aliyenifundisha hodi ni kaka Zakayo, aliyeshika ufunguo kabla yangu. Sasa hivi yuko chuo cha ufundi mjini. Ni mrefu, mwembamba, na anapofanya kazi huwa na kipande cha waya mdomoni, kwa hiyo nusu ya anayosema unayakisia. Programu yangu ya kwanza niliandika kila kitu ndani ya hodi: iwashe taa, isubiri, iwashe simu ndogo tunayoifunga pembeni yake, itume ujumbe. Nilijiona mtu. Zakayo akaisoma mpaka mwisho, akatoa waya mdomoni, akaniuliza kwetu mgeni akipiga hodi mama anafanya nini. Nikasema anaitikia karibu.

"Anaanza kumpikia chai mgeni akiwa bado amesimama mlangoni?"

Nikasema hapana.

"Basi na wewe itikia karibu, utoke. Chai itapikwa ndani."

Maana yake ni hii: ndani ya hodi, andika tu mahali kwamba kuna jambo limetokea, halafu toka. Kazi yenyewe ifanywe na programu kuu, kwa nafasi yake. Chipu inayopika chai mlangoni haiwezi kumwitikia mgeni wa pili vizuri. Na kabla ya kurudi kulala, iangalie mara moja ya mwisho kama hakuna aliyeingia wakati inajifunika blanketi. Hilo la mwisho nilijifunza kwa machungu, kwa kipimo cha mvua pale kwenye uwanja wa mpira ambacho kilikuwa kinalala huku matone yanapiga hodi.

Kuna la kuku. Mama mmoja wa Usa River, mfanyakazi wa shamba la maua, alitaka kujua mlango wa banda lake ukifunguliwa mchana yeye akiwa kazini. Tukamfungia kifaa. Kikaanza kumpigia simu asubuhi na hakikunyamaza. Kuku akipita karibu, simu. Jirani akianika nguo, simu. Upepo ukivuma, simu. Mama akasema banda lina mambo yake, akamwita mchungaji aje aliombee. Mchungaji akaja akaomba, na kesho yake kifaa kikanyamaza kimya kabisa, kwa sababu betri ilikuwa imekwisha.

Kosa lilikuwa dogo. Mlango ukiwa wazi, pini yetu ilikuwa haijashikwa na kitu chochote. Pini ya namna hiyo inaokota kila kinachopita hewani na kukiita hodi. Dawa yake ni ile rizista, yaani kizuizi kidogo cha umeme, iliyomo ndani ya chipu yenyewe, inayoivuta pini ikae juu, upande wenye umeme, mpaka swichi iishushe. Unaiwasha kwa mstari mmoja wa programu. Tulirudi, tukaandika ule mstari, tukaweka betri mpya. Mama yule mpaka leo anamshukuru mchungaji, na mimi sijamsahihisha.

Halafu kuna kudunda. Swichi zetu ni zile za kijibomba cha kioo, ndani yake vibati viwili vyembamba vinavyogusana sumaku ikikaribia. Mtaona mlango umefunguliwa mara moja, lakini chipu imepigiwa hodi nyingi. Sikuamini mpaka Zakayo alipochukua kijiko akakidondosha juu ya sufuria ya jiko la shule. Kijiko kimoja kilidondoka mara moja, milio ikawa mingi. Vibati navyo vinadunda hivyo hivyo. Kwa hiyo chipu ikiamka isikimbilie kusoma pini. Ingoje kidogo, kidogo sana, vitulie, ndipo isome.

Na kwa kuwa hamtakisoma popote: kasha lolote linalowekwa juu kuelekea msituni, waya uingie kwa chini, na kabla ya kuingia uache ulegee uning'inie kama tumbo. Ukungu ukishuka, matone yanafuata waya. Yakifika kwenye lile tumbo yanadondoka chini badala ya kuingia ndani. Vifuniko tunaziba kwa nta ya mshumaa. Si kitu cha kupiga picha, lakini hakiingizi maji.

Sasa niwaambie la mfereji, maana ndilo lililonifanya nijue kwamba kazi hii si mchezo wa klabu.

Wengi wenu mnatoka nyumba za hapa hapa, mnaujua. Kwa wale wa bweni: ule mfereji unaopita nyuma ya maabara unatoka kwenye kijito huko juu, unapita kwenye migomba na kahawa, unashuka mpaka mashamba ya chini. Maji yake ni ya zamu. Kila nyumba ina siku yake, na wakati wa kiangazi zamu ndiyo shamba lenyewe. Ukifungua lango lako siku ya mwenzako, kamati ya mfereji inakunyima zamu mpaka mvua zirudi. Ni sheria ya tangu babu zetu na sijawahi kumsikia mtu akiibishia. Watu wa hapa wanaweza kuendelea kusalimiana na aliyewaibia kuku. Aliyewaibia maji hawamsalimii.

Pale nyuma ya maabara mfereji una malango mawili ya bati, yanainuliwa kwa mkono. La kwanza linapeleka maji kwa Mama Anaeli, mama wa rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja. La pili linapeleka kwa Mzee Mbise, ambaye kwa ukubwa wa shamba lake ana siku mbili kwa wiki, Jumapili ikiwa mojawapo. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kaaya, alichoka kushinda amesimama pale analinda, akatuomba kifaa kitakachomtumia ujumbe kwenye simu kila lango linapofunguliwa. Zakayo akakitengeneza. Mwanzoni kilikuwa cha lango la kwanza peke yake. Baadaye, siku chache kabla ya mitihani yake ya mwisho, akaongeza la pili kwenye pini ya jirani, haraka haraka, akaenda zake kufanya mtihani. Mimi nikarithi. Kazi yangu ikawa kubadilisha betri na kufyeka majani.

Kiangazi kilichopita, simu ya Mzee Kaaya ikaanza kuleta ujumbe siku za zamu ya Mzee Mbise. Lango la kwanza limefunguliwa. Siyo mara moja. Kila zamu ya Mbise, ujumbe unakuja, unakuja tena. Mzee Kaaya alinyamaza mwanzoni, kisha akamwambia Mbise. Mbise akasema ndiyo maana maji yake siku hizi hayana nguvu, yanafika shambani yamechoka.

Kamati ikakaa. Mama Anaeli akasema hajagusa lango siku isiyo yake, na siku mojawapo waliyomtajia alikuwa sokoni Tengeru tangu asubuhi. Wakamwambia ana watoto. Akasema watoto walikuwa shule. Mtu mmoja akasema simu haina ujomba na mtu, ingemsingizia kwa faida gani. Hapo mazungumzo yakaisha. Zamu yake ikafutwa mpaka mvua.

Nyanya zake zilikuwa ndiyo zimeanza kutoa maua. Anayejua nyanya anajua maana yake. Mche mdogo unaweza kuuvumilisha kwa ndoo, lakini nyanya yenye maua ikikosa maji inayaangusha yote, na ukishayaokota chini huna msimu. Na hilo lilikuwa la shamba tu. Kanisani, ambako ndiye anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya ya akina mama, wenzake wakaanza kuacha nafasi kati yao na yeye kwenye benchi. Anaeli akahamia dawati la nyuma. Hakunitukana. Aliniuliza tu, bila kunitazama, kama kile kifaa ni cha kwetu. Nikasema ndiyo. Akabeba madaftari yake.

Nilikwenda mfereji siku ile ile baada ya vipindi, nimebeba testa ya umeme na kale kataa kadogo ka kijani tunakokatumia kujaribia. Nilikachomeka kwenye kifaa ili kawe kananionyesha chipu inafikiri nini: ikisema lango la kwanza, kamulike mara moja, ikisema la pili, mara mbili. Ilikuwa zamu ya Mzee Mbise. Alikuwa ndani ya kabichi zake, jembe mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kunikamatia mwizi wangu?"

Nikasema nimekuja kuangalia kifaa.

"Kiache. Kinafanya kazi kuliko mwenyekiti."

Nikakaa kwenye ukingo. Lango la kwanza lilikuwa miguuni kwangu, limefungwa, na majani yamelipanda mpaka juu, kwa sababu halijaguswa toka Mama Anaeli afutiwe zamu. La pili lilikuwa wazi, maji yanaenda kwa Mbise. Niliangalia pini kwa testa, zote nzima. Rizista za ndani zimewashwa. Kasha kavu. Nikaanza kuona aibu kwamba nitarudi shuleni bila jibu.

Hapa lazima niwaeleze Mzee Mbise anavyomwagilia, kwa sababu ndipo kila kitu kilipokuwa. Wengine wakifika kwenye zamu yao wanafungua lango asubuhi wanafunga jioni. Mbise hapana. Yeye analisha tuta moja moja. Anafungua, maji yanajaa tuta, halafu anakuja kufunga lango ili udongo unywe taratibu usichimbike. Wakati unakunywa yeye anainua kingo za tuta linalofuata. Kisha anafungua tena. Siku nzima yuko kwenye njia, shamba, lango, shamba, lango. Watu wanamtania kwamba anamwagilia kama anayenywesha ndama kwa chupa. Kabichi zake ndizo nzuri kuliko zote, kwa hiyo hajali.

Akaja. Akashusha bati la lango lake, likagonga chini. Na kale kataa kakamulika mara moja.

Mara moja, maana yake lango la kwanza. Nikatazama chini. Lango la kwanza lilikuwa limefungwa vile vile na majani yake. Nikasubiri. Mzee akaenda, akainua kingo, akarudi, akafungua. Kakamulika mara mbili, lango la pili, sahihi. Baadaye akaja akafunga. Kakamulika mara moja.

Niliporudi bweni nilifungua programu ya Zakayo, na sikuhitaji kusoma sana. Kumbukeni niliyowaambia kuhusu hodi. Ina tabia mbili ambazo mkizisahau zitawaaibisha. Kwanza, pini zote za kundi moja zinapiga hodi kwenye mlango mmoja. Chipu inaamka inajua kuna mtu, haijui ni nani. Pili, hodi inapigwa kwa badiliko lolote. Lango likifunguliwa, hodi. Likifungwa, hodi vile vile, haina tofauti hata kidogo.

Zakayo alipokuwa na lango moja hakuona tatizo. Lile la kufunga lilileta ujumbe wa ziada, na sisi sote tulisema ni mtandao umerudia. Alipoongeza la pili aliandika hivi: ukiamka, angalia lango la pili. Likiwa wazi, sema la pili limefunguliwa. Likiwa siyo wazi, basi atakuwa wa kwanza, sema la kwanza limefunguliwa. Inaonekana ina akili. Lakini Mbise akishusha bati lake, chipu inaamka, inaangalia lango la pili, inakuta limefungwa, inajisemea basi ni Mama Anaeli. Kila mzee alipopumzisha udongo wake, alikuwa anamshtaki jirani. Na maji yaliyokuwa yanamchokea ni ya kiangazi tu, yalikuwa yanamchokea kila mtu.

Nilimpigia Zakayo kwa simu ya matroni. Nilimweleza yote. Kisha akaniuliza kama Mama Anaeli ameshanyimwa. Nikasema ameshanyimwa, maua yanaanguka. Nikamwambia nimeshaandika programu mpya, kesho asubuhi naipachika.

"Usiiguse," akasema. Hakuwa na waya mdomoni safari hii, nilimsikia vizuri. "Ukiipachika kimya kimya, ujumbe utakoma, na wote watasema umekoma kwa sababu mwizi amekomeshwa. Yule mama atabaki mwizi mpaka anazikwa. Waonyeshe kwanza ikiwa mbovu."

Hilo lishikeni kuliko yote niliyoandika hapa. Kifaa kikimsingizia mtu, msikitengeneze kabla aliyesingiziwa hajasafishwa mbele ya wale wale waliosikia. Ubovu ule ndio shahidi wake pekee.

Mwalimu Urio alimwomba Mzee Kaaya kamati ije mfereji Jumapili baada ya ibada. Wakaja na nguo zao za kanisani, wazee kwa akina mama, wakasimama kwenye kingo. Mama Anaeli akasimama upande wa peke yake, mikono kifuani. Ilikuwa zamu ya Mzee Mbise, na yeye hata kwa suti hakuwa ameacha lango lake lipoteze siku. Lilikuwa wazi.

Mwalimu akasema mwanafunzi wake ataeleza. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wadogo zangu, nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha, na pale nikaona kofia na vitenge tu. Mzee mmoja akasema mtoto anaogopa, mwacheni. Basi nikaachana na maelezo. Nilimgeukia Mzee Mbise nikamwomba afunge lango lake, kama anavyofunga siku zote, na nikamwomba Mzee Kaaya ashike simu juu watu waone.

Mbise akanitazama, akainama, akashusha bati. Tukangoja. Simu ikalia mkononi kwa mwenyekiti. Akasogeza miwani, akasoma kwa sauti kwamba lango la kwanza limefunguliwa.

Wote wakatazama lango la kwanza. Lilikuwa kati yetu na Mama Anaeli, limefungwa, na majani yamelipanda.

"Rudia," akasema Mzee Kaaya.

Mbise akafungua, ikaja la pili limefunguliwa. Akafunga, ikaja la kwanza limefunguliwa. Wakamtaka mtu mwingine ajaribu, wakadhani ni mkono wa Mbise. Mwalimu Urio akavua koti akajaribu. Ikawa vile vile. Hapo sauti yangu ikarudi, sijui ilikuwa wapi. Nikawaeleza kwamba chipu inaambiwa tu kuna lango limetikisika, haiambiwi lipi wala limekwenda upande gani, na kwamba sisi tulioiandikia tuliiacha ikisie. Nikasema hakuna aliyeiba. Nililisema mara mbili, la pili nikimtazama mwenyekiti.

Mzee Mbise alikuwa amechuchumaa tena kando ya lango lake, mkono juu ya bati.

"Kwa hiyo siku zote hizi," akasema polepole, "nimekuwa najiibia mwenyewe, halafu nakwenda kushtaki."

Watu wakacheka. Walicheka sana, cheko la watu walioondokewa na mzigo, mmoja akasema sasa Mbise ajinyime zamu mwenyewe, mwingine akasema ndiyo malipo ya kulisha kabichi kwa chupa. Hata mwenyekiti alitoa miwani akafuta macho. Mama Anaeli hakucheka. Alisubiri mpaka wakamaliza.

"Mmecheka vizuri," akasema. "Nyanya zangu zinakufa."

Mzee Kaaya akavaa miwani. Akasema kwa niaba ya kamati kwamba mama hana kosa, kwamba litatangazwa kanisani lisikike kama lile la kwanza lilivyosikika, na kwamba zamu yake imerudi kuanzia siku yake ya wiki ijayo.

"Wiki ijayo mtakuja kumwagilia kuni," Mama Anaeli akajibu.

Zamu ni zamu. Mwenyekiti hawezi kuchukua siku ya mtu akampa mwingine, hata kama kamati yote imekosea, akianza hivyo mfereji utavunjika. Kila mtu pale alijua leo ni siku ya nani, na kila mtu alikuwa anatazama mahali pengine.

Programu iliyomo sasa ndani ya kile kifaa ni yangu, niliipachika siku ile ile. Inakumbuka hali ya mwisho ya kila pini. Ikiamka inangoja vibati vitulie, inasoma, inalinganisha na ya zamani, inaona iliyobadilika ni ipi na imeelekea wapi, ndipo inasema. Lango likifungwa, inasema limefungwa. Isipoona tofauti, inarudi kulala bila kumtaja mtu. Nakala iko kabatini, someni, na mkiweza kuifupisha ifupisheni. Siku moja nitapita nione.

Lakini nilikuwa nasema pale kwenye ukingo. Lango la Mzee Mbise lilikuwa limebaki limefungwa toka jaribio la mwisho, na nusu ya kabichi zake zilikuwa hazijanywa. Alisimama, akavua viatu vyake vyeusi, akaviweka kwenye majani pamoja na soksi. Akavuka mfereji. Akalishika lango la kwanza kwa mikono miwili akalivuta, majani yakang'oka na mizizi yake, na maji yakageuka yakaelekea upande wa pili.

Simu ya mwenyekiti ikalia. Aliitia mfukoni bila kuisoma.

Mama Anaeli hakumshukuru. Alikuwa anayafuata maji kwa macho, akaona yanapotea kwenye ufa wa ukingo, na yeye alikuwa na viatu vya kwaya. Akageuka akamtazama Mbise kuanzia miguu mitupu hadi tai.

"Jembe liko kwenye mgomba ule," akamwambia. "Anza na tuta la mwisho, ndilo lenye hali mbaya. Na ukishafungua, mzee, acha wazi. Mimi silishi kwa chupa."

Mzee akaenda akalichukua. Alitangulia mbele ya maji, suruali ya suti ameikunja magotini, na mama akamfuata nyuma akimwonyesha kwa kidole pa kuchimba.